Adabu ya Kuongozwa

Tangu Juni 2025 mtu anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Bukoba hasubiri tena kivuko. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeunganisha Kigongo iliyo upande wa Misungwi na Busisi iliyo upande wa Sengerema. Ghuba ya ziwa iliyo kati ya sehemu hizo, ambayo siku za foleni ilikula saa mbili na zaidi za msafiri, sasa inavukwa kwa dakika chache. Ni jambo jema. Wapo wagonjwa waliokuwa wakikimbizwa hospitali ya Bugando usiku wakakwama gatini, na wapo wajawazito waliokaa wakitazama taa za ng'ambo huku uchungu umewashika. Anayeililia foleni ile hakuwahi kuwa na mgonjwa ndani ya gari.

Lakini kivuko kilikuwa na kazi moja ambayo daraja halikujengwa kuifanya: kilimsimamisha kila mtu. Basi likifika gatini abiria walishuka, gari likapanda peke yake, wao wakaingia kwa miguu na mizigo yao ya mkononi. Katika kusubiri huko mtu wa Karagwe alikula sato wa Busisi, akauliza bei ya dagaa, na mama anayeuza akamwambia kwamba mwezi umekuwa mkubwa wiki hii, ndiyo maana bei imepanda. Basi akajifunza jambo la ziwa bila kukusudia. Dagaa huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, na mbalamwezi ikienea juu ya maji, taa za wavuvi hushindwa kuwavuta samaki. Msafiri yule alikuwa na safari zake nyingine kabisa, akafika kwao akijua kwa nini dagaa hupanda bei mwezi ukiwa mpevu.

Sasa hakuna anayelazimika kusimama. Atakayesimama Busisi kesho ni yule aliyetaka mwenyewe, na huyo ni mgeni wa namna nyingine. Mgeni wa foleni alitaka ahudumiwe upesi ili asiachwe na kivuko. Mgeni wa hiari anataka kuonyeshwa. Swali ninalolizungusha kichwani kila nipitapo juu ya daraja lile ni kama tunao watu wa kumwonyesha, na kama yeye, awe Mjerumani au Mtanzania mwenzetu, anajua namna ya kuongozwa.

Kuongozwa kunahitaji adabu yake. Katika mazungumzo yetu ya utalii tunataja vivutio, tunahesabu vitanda vya hoteli na dola. Filamu ya Royal Tour ilipotoka mwaka 2022 tulizungumza sana juu ya mandhari. Mtu wa katikati, anayesimama baina ya mgeni na mahali, anatajwa mwishoni, pamoja na gari na chakula cha mchana. Mimi naona yeye ndiye moyo wa jambo lote. Mlima upo hata asipokuwepo mtu, na ziwa halikumngoja yeyote. Kinachogeuza kupita kuwa kutembelea ni mwenyeji mmoja anayesema, njoo nikuonyeshe, na mgeni mmoja anayekubali kwamba hapo alipo hajui.

Mwambao huu una deni la zamani katika jambo hilo. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke, askari wa Kiingereza, aliliona ziwa akiwa juu ya kilima karibu na Mwanza ya leo. Mwenzake Richard Burton alikuwa mgonjwa, amebaki Kazeh, ambayo ndiyo Tabora. Wengi wetu tuliisoma habari hiyo shuleni kama habari ya mtu mmoja. Lakini Speke alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki naye akawa huru, akarudi Zanzibar. Speke hakujua lugha za watu wa njia ile. Yeye na Bombay walielewana kwa Kihindustani, lugha ambayo mmoja aliipata jeshini na mwingine utumwani. Kwa hiyo kila alichouliza Speke juu ya ziwa hili kilipita kinywani mwa Bombay kikienda kwa wenyeji, na kila kilichojibiwa kilipita humo humo kikirudi. Upana wa maji, visiwa, watu wa ng'ambo, yote yalimfikia kwa ulimi wa mtu mmoja.

Speke alikaa hapa siku chache tu. Ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza akalipa jina la malkia wake, akaondoka akiwa na hakika kwamba ameona chanzo cha Nile. Burton hakukubali, na ugomvi wao ukawa maarufu Ulaya. Ilimbidi Speke arudi mwaka 1862 na kufika Jinja ili aone kwa macho mto ukitoka ziwani, na safari hiyo pia Bombay alikuwemo. Baadaye Bombay alikwenda na msafiri Stanley hadi Ujiji mwaka 1871, kisha akaivuka Afrika na msafiri mwingine, Cameron, mpaka wakatokea Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Ni watu wachache sana wa karne ile, wa rangi yoyote, waliolikanyaga bara hili kwa miguu kama yeye. Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa nishani ya fedha. Sijui barabara hata moja ya Mwanza inayonikumbusha jina lake ninapoipita, na jambo hilo linanisikitisha.

Nimemtaja kwa sababu ya ufundi wake. Msafara wa zamani ulikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, na nyuma yake watu waliojua maji yako wapi, mtemi gani anapenda salamu ndefu, hongo ya hapa ni nguo ngapi, kijiji gani kina njaa mwaka huu na hakifai kuombwa chakula. Ulikuwa na mabega ya Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliobeba pembe na nguo kati ya bara na pwani kwa vizazi, wakaanzisha utani na watu wa njiani ambao tunauendeleza mpaka leo. Stanley alipotaka kulizunguka ziwa mwaka 1875, mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imebebwa vipande vipande kutoka Bagamoyo mpaka Kageye, ufukweni, si mbali na Mwanza. Fikiria ubao wa mashua begani, jua la Ugogo, na maji ya mashua hiyo kuelea yakiwa bado miezi mbele. Aliyeibeba mashua hiyo alikuwa na habari za njia ambazo hakuna aliyekaa kuziandika.

Msafiri anayedhani amejiongoza mwenyewe anapata hasara mbili. Ya kwanza ni ya shukrani. Ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni ya elimu: hajui alichokijua amekipata kwa nani, kwa hiyo hawezi kukipima. Kama Bombay aliwahi kukosea kufasiri, Speke hakuwa na njia ya kujua. Mgeni wa leo naye akiambiwa jambo na kijana aliyemkuta stendi, anafaa kumuuliza kijana huyo kalisikia kwa nani. Kuuliza hivyo si dharau. Mwongozaji mzuri huwa analisubiri swali hilo, na mbaya huliogopa.

Kule Kilimanjaro habari ilikwenda hivyo hivyo. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Kambi yao ya juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hakuumbwa nayo, ililindwa na Muini Amani wa Pangani, aliyekaa huko akiwapikia na kuwasubiri. Na ilikuwa hadi maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, ndipo Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alipoheshimiwa hadharani kama mwongozaji wa msafara ule. Alikuwa mzee sana, amekwisha kuongoza wageni mlimani kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 1996.

Mlima ule unatufundisha sehemu ya kuongozwa ambayo ni ngumu kuliko zote, yaani kukubali kukatazwa. Mwongozaji wa Kilimanjaro hutembea mbele kwa hatua fupi ambazo mgeni mwenye nguvu huziona za kuchosha. Anajua kwamba mwili hauzoei hewa nyepesi kwa ubabe. Jioni anatazama sahani: nani amekula, nani amesukuma chakula pembeni. Anasikiliza namna mtu anavyojibu. Anayechelewa kujibu swali dogo, au anayeyumba kama mlevi kwenye njia tambarare, huenda ubongo wake umeanza kuvimba kwa ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kumshusha mara moja. Sasa mtu huyo amelipa fedha nyingi, ameaga kazini, amewaahidi watoto wake picha akiwa mita 5,895 juu. Yuko chini ya kilele kwa saa mbili tatu. Na mtu anayemwambia "turudi" anapata kwa siku kiasi ambacho mgeni huenda anakitumia kwa chakula cha jioni kimoja. Hapo ndipo adabu ya kuongozwa inapojulikana kama ipo. Fedha hazimpi mgeni kauli ya mwisho juu ya mapafu yake.

Adabu hiyo ina upande wa pili, wa wanaobeba. Kwenye malango ya Kilimanjaro mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani, na kiwango ni kilo 20. Sheria hiyo haikutoka hewani. Wapagazi wamekufa kwa baridi katika mlima ule, wakiwa na viatu na makoti ambayo mgeni asingekubali kuvaa hata usiku mmoja. Anayekwenda kule na asiulize mpagazi wake amelala wapi na amekula nini, atakuwa ameona kilele bila kuona waliompeleka.

Sisi wa ziwa tunalifahamu neno "hapana" kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Mamia walikufa katika kila ajali, na katika zote mbili watu walikuwa wengi kuliko chombo kilivyoweza. Hakuna familia ya mwambao huu isiyomjua mtu aliyempoteza mtu. Ndiyo maana nikimwona mwenye mtumbwi anamkatalia kijana wa mjini anayetaka kupelekwa katikati ya ghuba apige picha jua likitua, na mwenye mtumbwi anaonyesha wingu upande wa kusi na kusema si leo, huwa namwona mwalimu. Kijana anaongeza pesa. Mzee anakataa tena. Wingu lenyewe huenda lisilete kitu, na kijana ataondoka akisema mzee ni mwoga. Hiyo ni gharama ya kazi na mzee ameikubali. Mwongozaji asiyeweza kupoteza wateja wawili kwa sababu ya wingu, asipewe watoto wa watu.

Baada ya usalama kuna meza, na hapa nina mengi moyoni.

Nianze mbali: kuna nchi inaitwa Georgia, katika milima ya Kaukasi, baina ya Urusi na Uturuki. Watu wake wamekuwa wakitengeneza divai kwa takriban miaka 8,000, nayo huchachuka ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni. UNESCO iliuweka ufundi huo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2013. Wageni huenda huko kupanda milima na kulala vijijini, na mwongozaji huwapeleka mpaka kwenye meza ya familia. Mezani yupo anayeongoza: haimwagwi divai kinywani ovyo, kuna mtu aliyepewa kazi ya kusema kwanza. Huwataja wazazi, wafu, watoto na mgeni, na kila analolitaja hunywewa kwa zamu yake. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya milima anajikuta ameingizwa katika hesabu ya watu wa nyumba.

Nchi yetu nayo ina milima na mizabibu, ingawa kwetu viwili hivyo havikukaa pamoja. Mizabibu iko Dodoma, kwenye ukame, ikivunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuilaza. Ni kilimo kizuri na ningependa wasafiri wa treni na mabasi washuke wakione, pale Hombolo, Makutupora na Bihawana. Lakini nikitafuta kwetu kinachofanana na meza ile ya Georgia, naelekea Marangu na Machame, kwenye mbege. Ndizi zilizochemshwa zikachachuka, uji wa ulezi, gome la msesewe la kuupa uchungu wake, kisha kata inayopita mkono kwa mkono kwa kufuata umri. Anayekaribisha huonja kwanza. Mgeni akikaa hapo nusu saa na mtu wa kumweleza nani anampa nani kata na kwa nini, amejua Uchagga zaidi ya aliyekwenda kileleni na kurudi akiwa amefunikwa kofia masikioni.

Je, Busisi ina meza gani? Ninaijua. Ina ugali wa udaga, muhogo uliovundikwa ukaanikwa mpaka ukawa na harufu ambayo mgeni huikunjia uso siku ya kwanza na kuiulizia siku ya tatu. Ina sato na dagaa. Ina michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe makubwa ambayo nchi hii imejaa. Nenda katika mji wa Kisukuma msimu wa viazi uone: jabali zima limegeuka jeupe, watoto wamepewa zamu ya kufukuza mbuzi na kuku, na wingu likitokea watu wote wanapanda mwambani kwa mbio na ungo. Michembe ikikauka hukaa ghalani miezi, hupikwa na karanga wakati wa kulima, wakati ambapo chakula kingine kimepungua. Kwa hiyo aliyeelezwa bakuli la michembe ameelezwa kalenda ya mwaka, hofu ya njaa na kazi ya mawe, vyote kwa mkupuo. Asiyeelezwa atasema ni viazi vikavu.

Na upande huu wa ghuba ni Uzinza. Wasukuma ni wengi na tumezoea kusema Usukuma mpaka mwisho wa barabara, lakini Wazinza walikuwapo na wapo, na mwongozaji wa Busisi atakayewasahau atakuwa amemdanganya mgeni kwa kunyamaza.

Bujora, pale Kisesa, ni mahali ambapo kazi hii imekwisha kufanyiwa mfano. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye watu walimwita Fumbuka, alianza miaka ya 1950 kukusanya na watu wa hapo vyombo vya watemi, ngoma, zana za waganga na za wahunzi, mpaka ikawa Makumbusho ya Wasukuma. Kanisa lililo hapo lina umbo la nyumba ya msonge, na alama za utemi zimewekwa katika mambo ya ibada. Watu wamelibishania jambo hilo tangu wakati ule: wengine wakiona ni heshima kwa mila, wengine wakiona ni mila kumezwa. Mimi naona ni vizuri mgeni ausikie ubishi wenyewe badala ya kupewa jibu lililokwisha lainishwa.

Kila mwaka mwezi wa sita, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kunachezwa Bulabo. Makundi mawili ya wacheza ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kwa asili iliyoanzia kwa manju wawili wa zamani. Wanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila upande na wimbo wake, dawa zake, vinyago vyake, wengine na chatu mabegani. Hakuna jopo la majaji linaloandika alama. Anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Umati unahama, unarudi, unahama tena, na vumbi linaonyesha upepo wa mashindano umegeukia wapi.

Hapo kuna jambo ambalo mgeni anapaswa kuambiwa kabla hajaingia uwanjani: miguu yake inahesabiwa. Akisimama kwa Bagalu kwa kuwa nyoka wao ni mkubwa, amewaongezea. Mgeni wengi humdhani mtazamaji tu, mtu wa nje ya jambo. Lakini mgeni ni kuku mweupe, haonekani kama kuku wengine wa uwanjani, na popote asimamapo anavuta macho na nyuma ya macho huja miguu. Basi amuulize mwenyeji wake asimame wapi na kwa nini. Na ajue kwamba wale wenye nyoka wana chama chenye elimu ya dawa za kuumwa na nyoka, elimu iliyookoa watu mashambani ambako hospitali ilikuwa mwendo wa siku.

Sipingi ngoma ya kulipiwa. Manju naye ana watoto wa shule. Kundi likiitwa mwezi wa Januari kuwachezea wageni kumi, lichezeshwe na lilipwe vizuri. Ninachokidai ni ukweli mmoja: mwongozaji aseme wazi kwamba hii ni ya kuonyeshwa, ile ya mwezi wa sita ndiyo ya kushindana, na katika hii hakuna anayeogopa kushindwa. Mgeni akiambiwa hivyo huiheshimu zaidi, na huenda akarudi Juni. Akidanganywa kwamba ameona yote, hana sababu ya kurudi.

Yapo pia ya kutoonyeshwa. Wanawake wanaooga na kufua ziwani alfajiri si mandhari. Mji wenye msiba si kituo cha ziara. Vitu vya mizimu ya ukoo vina mwenyewe, na mwenyewe akisema hapana, hapana hiyo ina uzito ule ule wa hapana ya wingu. Mwongozaji anayefungua kila mlango ili apate bakshishi anauza vitu visivyo vyake, na watu wa kijiji watamfungia yeye milango hiyo, tena bila kumwambia.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni letu wenyewe. Tumekubali kimoyomoyo kwamba mwongozaji ni wa Wazungu. Familia inatoka Dar es Salaam kwenda harusini Sengerema, inapita darajani, inapiga picha nguzo na nyaya, inaendelea. Mtu aliyezaliwa Mwanza anaweza kufika miaka hamsini hajaingia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, inayoonekana kutoka katikati ya jiji. Hifadhi ya kisiwa cha Rubondo, huko mbele ya barabara hii hii ya Busisi, ina sokwe waliotokana na wale walioletwa kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka Ulaya walikokuwa wamefungiwa. Walirudishwa msituni, wakajifunza upya kuwa sokwe wa porini, na wajukuu zao wanatafutwa leo kwa miguu nyuma ya waongozaji wa hifadhi. Ni habari ambayo kila mtoto wa Kanda ya Ziwa angepaswa kuijua. Tunaona aibu kumlipa mtu atuonyeshe kwetu, kana kwamba kuzaliwa mahali ni kupajua. Mtoto wa mvuvi anazijua pepo za ziwa, hamjui mtemi aliyezikwa nyuma ya shule yake. Mtoto wa mtemi huenda hajui kuogelea. Kila mmoja wetu ni mgeni wa jirani yake katika jambo fulani.

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Busisi inahitaji kupona. Wauza samaki, wapika chai na vijana wa mizigo waliokuwa wakiishi kwa foleni walipoteza wateja katika wiki moja ya Juni. Wengine wamehamia pembezoni mwa barabara mpya, ambako magari hayapunguzi mwendo. Watu hawa ndio ninaowafikiria ninaposema waongozaji. Mama aliyeuza samaki gatini kwa miaka mingi anamjua sangara wa maji ya kina na sato wa kwenye majani kwa kumshika tu. Mabaharia wa vivuko wanajua ghuba hii ina mkondo wapi na upepo hubadilika saa ngapi. Vijana wa gatini wamezoea kusalimia watu wa makabila ishirini kwa siku. Wanahitaji kufundishwa huduma ya kwanza, historia iliyothibitishwa na lugha moja au mbili. Wanahitaji majaketi ya kuokolea maisha yasiyochanika. Zaidi wanahitaji utaratibu.

Utaratibu si wa kubuniwa upya. Miaka ya 1990 vijiji vya kaskazini kama Ng'iresi, chini ya Meru, vilianza utalii wa kitamaduni kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV: mgeni anatembea na kijana wa kijiji, anakula nyumbani kwa mtu, na sehemu ya anacholipa huingia katika mfuko wa kijiji kwa ajili ya shule au maji. Bei iko wazi, kila mtu anaiona. Busisi na Kigongo zingeweza kufanya hivyo zikishirikiana, zikigawana mgeni badala ya kumnyang'anyana: atembee na mwenyeji wa Kigongo asubuhi, ale Busisi mchana. Serikali za vijiji zikae na wavuvi wa mialo, na akina mama wa samaki, na wazee wa Kizinza na wa Kisukuma, zikubaliane ni njia zipi mgeni apite na zipi aziache. Wageni wa kwanza wawe wanafunzi wa Misungwi na Sengerema, kwa nauli ya kulipika na wazazi, kwa sababu mwanafunzi huuliza hadi mwongozaji akaishiwa, na mwongozaji aliyeishiwa hurudi kwa wazee kuuliza.

Malipo yatajwe kabla watu hawajaanza kutembea: ya mwongozaji, ya mwenye mtumbwi, ya mfuko wa kijiji, na ya nyumba iliyopika. Na mama aliyekaanga samaki apewe chake siku hiyo hiyo, mkononi, mgeni akiwa bado mezani.